Risiti ya Kompyuta ya Divine

Ninyi mnaokaa sasa kwenye dirisha la pili mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kusahau bado sijasahau, ila nimechoka, na mtu aliyechoka hukusudia kuandika ukurasa mmoja akajikuta ana mitano. Mnivumilie. Habari za vyeo hazimo humu kwa sababu sikuwahi kupanda, na mshahara mnaujua, maana ni huo huo wenu.

Kwa wasiotujua, ofisi yetu ni ile ndogo ya huduma kwa wakazi, kusini mwa Stockholm, kati ya duka la maua na daktari wa meno. Watu huja na barua wasizozielewa, nasi tunawasomea, tunawaeleza, tunawasaidia kujaza fomu. Hatuamui kitu. Kodi huamuliwa na watu wa kodi, posho na watu wa posho, sisi tunasoma tu. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyotaja jina langu, na sidhani kama kuna aliyewahi kuyaamini.

Nilianza pale miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nikiwa nimeshapita hamsini. Nilitoka Tanga zamani, nikaja Sweden kwa mafunzo ya ukutubi, nikaolewa, nikabaki. Nimepanga vitabu, nimepika chakula cha watoto wa chekechea, nimefuta vumbi la watu. Siku ya kwanza ofisini ilikuwa Februari na mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Kifini mwenye kofia ya sufu. Alinitazama, akauliza Gunilla yuko wapi. Nikamwambia amekwenda kula. Akasema atangoja. Nikamweleza kwamba naweza kumsaidia mimi. Akasema hana haraka. Alikaa hapo saa nzima mkono juu ya barua yake, na Gunilla aliporudi hata koti hakuvua, akamwambia, "Nenda kwa Mwanaidi." Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne. Nilimsomea kwa dakika mbili.

Gunilla ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno, mwenye kifuniko cha mpira kwenye kidole gumba cha kufunulia karatasi. Vifaa vyake vilikuwa viwili, rula na penseli. Rula aliiweka chini ya mstari anaousoma, akaisogeza mstari kwa mstari, ili mteja aone kwamba hakuna kinachorukwa. Penseli ilikuwa ya kujazia fomu kwanza, na wino haukugusa karatasi mpaka mwenye fomu aseme kwa maneno yake mwenyewe anatia sahihi kitu gani. Haya mawili niliyachukua siku hiyo hiyo na sikuyaacha.

La tatu sikulichukua. Gunilla alikuwa akisema, "Jibu kwanza, sababu baadaye." Mtu alikuwa hajakaa vizuri kwenye kiti, yeye keshamwambia hapana. Halafu ndipo anamwonyesha kifungu, anamweleza njia nyingine kama ipo, na mara nyingi ilikuwepo. Mimi nilimwona hana adabu. Kwetu mgeni huulizwa kwanza ameamkaje, watoto hawajambo, yule mgonjwa anaendeleaje, na kama ana shida usiyoiweza, humwambii huiwezi. Unamwambia si rahisi. Unamwambia tutaangalia. Naye si mtoto, ameshakuelewa, anaaga na heshima yake mkononi. Nilikuwa nikimwambia Gunilla kwamba neno lile lile la kukataa linaweza kuvalishwa nguo. Akanijibu kwamba likivalishwa sana halitambuliki. Nikacheka, maana nilidhani ni utani wa Kiswidi.

Msimu wetu mkubwa ulikuwa Aprili. Fomu za kodi zinafika majumbani, na mwisho wa kuzirudisha ni mwanzoni mwa Mei. Fomu ya hapa huja imeshajazwa mshahara wako na kodi uliyokatwa, na wengi hawana la kufanya ila kutia sahihi. Lakini kuna visanduku vya makato, yaani gharama zinazokupunguzia kodi, na kisanduku kitupu ni kishawishi. Kila mtu ana kitu cha kutia humo. Kuna aliyeleta risiti za mbwa.

Miaka yangu ya kwanza swali kubwa lilikuwa kompyuta. Serikali ilikuwa na mpango wa kompyuta za nyumbani. Mwajiri anakupatia mashine, anakata kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi, na watoto wanasomea. Mpango mzuri, kwa mwenye ajira ya kudumu. Watu wetu wengi, Warundi, Wakongo, na sisi wa Tanzania pia, walikuwa wa kuitwa kwa simu asubuhi, leo kuna kazi, kesho hakuna. Nikawa najibu swali hilo kila wiki. Hatimaye baadhi yao wakapata ajira za kudumu, wakaja wamevaa vizuri, wakauliza kompyuta zao, nami nikalazimika kuwaambia kwamba mpango umefutwa. Niliwaambia hivyo kwa kuwauliza habari za nyumbani kwa muda mrefu sana.

Baada ya hapo ikaja Amerika. Lazima mwelewe watu hawa walivyogawanyika. Ndugu waliokaa kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma, mmoja aliletwa Sweden, mwingine akapelekwa Amerika, wa tatu Australia. Jumapili baada ya ibada wanapigiana simu, na katika simu hizo wanapeana kila kitu, pamoja na sheria za kodi. Kule Amerika mwenye mtoto chuoni hupunguziwa kodi kwa ada, vitabu na vifaa vya masomo. Habari hiyo ilifika kwetu kabla ya majira ya kuchipua mwaka mmoja na haikuondoka tena. Mzee Libère, fundi wa baiskeli na mzee wa kanisa, alikuja na fomu ya Kimarekani aliyotumiwa na shemeji yake. Alikuwa ameijaza yote, na mahali pa namba ya utambulisho ameandika namba yake ya Sweden. Kazi safi kabisa. Gunilla aliigeuza mbele na nyuma, akasema katika miaka yake yote hajaona fomu iliyojazwa vizuri namna hiyo, kisha akamwambia hapana. Mzee Libère hakununa. Alirudi mwaka uliofuata na swali jingine.

Sheria ya hapa ni fupi, niiseme mara moja. Shule ni bure, vitabu vya shule ni bure, mtoto analipiwa posho ya kusoma, kwa hiyo kompyuta, begi na kalamu anavyonunuliwa na mzazi ni gharama za maisha. Havikatwi kwenye kodi. Hakuna ila wala isipokuwa.

Gunilla akastaafu, nikabaki na dirisha. Ndipo akaja Espérance.

Espérance nilimfahamu. Mrundi, anakaa Hagsätra, anahudumia wazee majumbani mwao, mwanamke wa sauti ya chini. Alikuwa na binti mmoja, Divine, aliyekuwa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, upande wa teknolojia. Siku hizo shule yake ilikuwa bado haiwapi wanafunzi kompyuta, lakini kazi zote zilitakiwa zifanywe kwa kompyuta. Espérance alikuwa amekwenda madukani Farsta akamnunulia, mpya, si ya mtu. Alikuja kwangu mwezi wa Aprili, ametoka zamu ya asubuhi, koti hakuvua. Risiti ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ili isikunjike.

"Dada Mwanaidi, amani?"

"Amani tu. Divine hajambo?"

"Iko mzuri. Amepata ordinateri. Sasa anafunga mlango, hatusemeshi tena." Akacheka kidogo, akaiweka risiti mbele yangu. "Binamu yangu wa Amerika anasema mwenye kusomesha wanamrudishia kwa kodi. Hapa iko namna gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa neno moja. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, mimi nilikuwa sijala, naye alikuwa ameshika kingo za ule mfuko kwa vidole viwili viwili, kama mtu aliyeleta cheti cha mtoto kionwe na mwalimu. Nikaona nisimharibie siku.

"Hapa si rahisi kama kule," nikasema. "Lakini risiti usiitupe. Tutaangalia."

"Mungu akubariki, dada."

Nikabonyeza namba inayofuata.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na nitawaambia nilichokiona. Maneno yale yakitoka kwa jirani, ni kukataa kwa heshima, na Espérance angeyaelewa hivyo, maana kwao pia yapo. Yakitoka kwa mtu aliyekaa nyuma ya kioo, ana nembo ya manispaa juu ya kichwa chake, ni ahadi. Mtu wa serikali amesema tunza risiti. Kwa nini aseme tunza kama haina kazi? Alikwenda nyumbani, akasoma visanduku, akaona kimoja cha gharama nyinginezo, akaandika bei ya kompyuta humo. Hakuandika maelezo yoyote. Alitia sahihi na kutuma.

Marejesho ya kodi yaliingia wakati wa kiangazi, yakatumika kama pesa zinavyotumika. Barua ikaja mwezi wa Oktoba.

Espérance aliiweka juu ya meza yangu. Nikachukua rula. Watu wa kodi walikuwa wanauliza gharama ile ilikuwa ya nini, wakasema wanafikiria kuikataa na kumwongezea adhabu kwa kutoa habari zisizo sahihi. Nilisoma mstari kwa mstari, na nilipofika chini yeye alikuwa bado anatazama mstari wa kwanza.

"Wanasema nimedanganya," akasema.

"Hawasemi hivyo. Wanauliza."

"Mtu akiuliza namna hii, ameshajijibu." Akaigusa ile barua kwa kidole. "Dada, miye sijadanganya mtu hapa Sweden. Hata tikiti ya treni sijaiba. Kama ni kurudisha, nitarudisha, nitaomba zamu zaidi. Lakini ile adhabu juu yake, itanibidi niuze ile kompyuta. Na Divine ndiyo ameingia mwaka wa mwisho."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Makato yangekataliwa kwa vyovyote vile. Lakini adhabu ilikuwa na mlango. Mtu aliyeelewa sheria vibaya anaweza kusamehewa, na anasikilizwa zaidi akionyesha kwamba alipotoshwa na mtu aliyestahili kumwamini. Nilikuwa naijua njia hiyo, nilishawapitisha humo wengine. Kilichohitajika ni sentensi moja katika jibu lake: mfanyakazi wa ofisi ya huduma kwa wakazi aliniambia nitunze risiti, nikaelewa kwamba naruhusiwa. Na chini yake jina langu, na simu yangu, wakitaka kuuliza.

Majira yale manispaa ilikuwa inapunguza watu. Mkuu wetu alikuwa ameshatuambia kwamba wanapima kama madirisha mawili yanahitajika. Nilibakiza miaka mitatu kustaafu. Hayo si maelezo ya kujitetea, ni hali ilivyokuwa. Niliogopa. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, niliogopa kuandika jina langu kwenye karatasi.

Nikachukua penseli. Tukaandika kwamba ana mtoto anayesoma, kwamba kompyuta ilinunuliwa kwa ajili ya masomo, kwamba alifikiri inaruhusiwa. Halafu nikafika pale.

"Niandike ulisikia kwa nani?" nikauliza. Nilimuuliza nikiwa nimeitazama karatasi.

Nilimsikia akigeuka kwenye kiti, akatazama nyuma, kwenye foleni, ambako Mzee Libère alikuwa amekaa na bahasha yake magotini pamoja na akina mama wawili wa kanisani kwao.

"Andika nilisikia kwa watu," akasema.

Nikaandika hivyo. Niliandika kwa Kiswidi safi, nikasahihisha mara mbili, nikampa kalamu ya wino atie sahihi. Nilimuuliza, kama Gunilla alivyonifundisha, aniambie kwa maneno yake anatia sahihi nini. Akasema, "Ninatia sahihi kwamba ni kosa langu."

Jibu lilikuja kabla ya Krismasi. Kusikia kwa watu hakutoshi, adhabu inabaki. Espérance alimuuzia kompyuta mfanyakazi mwenzake. Divine akamaliza mwaka wake wa mwisho kwenye maktaba iliyo mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu, ambako kompyuta hutumiwa bure kwa saa moja moja. Saa ikiisha, unatoka, unajiandikisha tena, unangoja. Nilikuwa nikimwona nikienda kupanda treni, amekaa dirishani na koti lake magotini, au amesimama karibu na orodha anangoja jina lake. Alikuwa akinipungia mkono. Baada ya wiki chache nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye maegesho ya magari, ingawa ni ndefu na wakati wa baridi haifagiliwi theluji.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, hilo nililisikia kwa bibi yangu tangu sijaota meno ya pili, na sikulifikiria hata siku moja mpaka nilipokuwa napita kwenye yale magari.

Tangu hapo nikafanya kazi kama Gunilla. Jibu kwanza. Mtu anakaa, nasema, "Hapana, hii haikatwi kwenye kodi, sasa nieleze habari za nyumbani." Watu wakaanza kulalamika. Mama mmoja wa Kikongo alisema mbele yangu, kwa sauti ya kutosha, kwamba Mama Mwanaidi amekaa Ulaya mpaka damu imeganda. Nikamwambia namba inayofuata. Nilibandika kwenye kioo changu karatasi ya Kiswahili yenye maneno machache: kompyuta ya mtoto, hapana, vitabu vya mtoto, hapana, begi, hapana. Mkuu wetu aliniuliza imeandikwaje, nikamtafsiria, akasema inaonekana kali kidogo. Nikasema ni kweli.

Na nilijifunza kuwafundisha kisanduku cha maelezo mengine, kilicho mwisho wa fomu, ambacho watu hudhani ni cha mapambo. Hili mlishike hata kama mengine yote mtayasahau. Mtu aking'ang'ania kudai kitu ambacho hamna uhakika nacho, aandike pale kwa maneno wazi: nimeweka kiasi hiki, ni cha kitu fulani, kwa sababu hii. Wakikataa, wamekataa tu. Aliyeeleza waziwazi hapigwi adhabu. Espérance angeandika mstari mmoja pale, angekosa makato na kubaki na kompyuta. Mimi ningemwambia mstari huo kwa nusu dakika, badala ya kumwambia tutaangalia.

Miaka yangu ya mwisho shule zikaanza kuwapa watoto kompyuta wenyewe, na swali likafa. Ile karatasi iliendelea kukaa kwenye kioo mpaka jua likaila wino. Sikuibandua. Nadhani ninyi mmeshaibandua.

Siku yangu ya kuaga mlikuwepo baadhi yenu. Kulikuwa na keki ya rangi ya kijani, kahawa ya chupa, na hotuba ya mkuu aliyekosea jina la mji wangu. Mzee Libère alikuja, akala vipande vitatu. Kuelekea mwisho akaingia Espérance, na nyuma yake msichana mrefu sana mwenye maua. Ilinichukua muda kumtambua Divine. Alikuwa anasomea uhandisi, mwaka wa pili. Kiswahili chake ni cha salamu na chakula tu, kwa hiyo alisema nami kwa Kiswidi. Alisema hajasahau. Alisema mama yake humwambia kila mara kwamba wakati wa ile shida ya kompyuta, mtu pekee aliyewasaidia nilikuwa mimi, kwamba nilikaa na kuwaandikia barua nzuri, na kwamba sikuwatoza kitu. Akanipa yale maua. Nikayapokea kwa mikono miwili.

Nikamtazama mama yake.

"Espérance," nikasema kwa Kiswahili, "mtoto huyu anapaswa kujua."

"Ajue nini?"

"Kwamba ni mimi niliyekuambia utunze risiti. Na kwamba penseli ilikuwa mkononi mwangu, sikuandika jina langu."

Hakushtuka. Alikuwa anamkatia Divine kipande cha keki, na aliendelea kukata.

"Dada, miye nilikuona siku ile unavyoogopa. Ningetaja jina lako, wangekuondoa wewe na lile dirisha wangelifunga. Mzee Libère alikuwa pale amekaa na barua yake. Nani angemsomea?" Akaweka kisu chini. "Kompyuta ilikuwa ya mtoto mmoja."

Nililia, na wengine mlidhani ni kwa sababu ya kustaafu.

Divine alitutazama mmoja baada ya mwingine, akamuuliza mama yake kwa Kiswidi tunaongea nini. Espérance akamjibu kwamba ninaisifu keki. Msichana akanigeukia mimi, anatabasamu, macho yake yananitazama sawasawa.

"Ndivyo ulivyosema?" akaniuliza.

Miaka mitatu nilikuwa nimewaambia watu hapana kabla hawajakaa. Nilimtazama Divine, nikamtazama mama yake, nikasema ndiyo.